Nani Alikata Tiketi? Kumbukumbu za Ndege ya Kwanza Nyanda za Juu Kusini

Ukiwaomba watu wa Mbeya, Iringa au Njombe wakusimulie safari yao ya kwanza ya ndege, hadithi za mwanzo utakazopewa huwa ni zile zile. Kuna mzee aliyevua viatu mlangoni mwa ndege akavishika mkononi, kuna mama aliyemwomba mhudumu amfungulie dirisha apate hewa, na kuna kijana ambaye ndege ilipogusa ardhi alipaza sauti akisema "Shusha hapo!" kana kwamba ameketi kwenye daladala ya Uyole. Nimezisikia hadithi hizi zikisimuliwa juu ya watu wengi mno, wa mikoa mingi mno, hadi nimeacha kuziamini. Ni vichekesho vya mjini kuhusu mtu wa shamba, na kazi yake kubwa ni kumwezesha msimuliaji aonekane kwamba yeye hakuwa hivyo.

Swali linalofungua mazungumzo ya kweli ni jingine, nalo ni fupi: tiketi alikata nani? Hapo kicheko hupungua na maelezo huongezeka. Mmoja atasema ilikatwa na ofisi, mwingine na mtoto wake aliyeko Dar es Salaam, mwingine na ukoo mzima uliochangishana kwa sababu mgonjwa asingeweza kuhimili barabara. Katika nyanda hizi, kwa sehemu kubwa ya historia yake, safari ya kwanza ya ndege ilikuwa shughuli iliyopangwa na kulipiwa na mtu mwingine kwa makusudi yake, na tusipolitazama hilo hatutaelewa kwa nini watu wetu huisimulia kwa namna wanavyoisimulia, yaani kwa maneno mengi kuhusu sababu ya safari na machache sana kuhusu mawingu.

Mbeya iliingia kwenye ramani ya ndege za kimataifa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Januari 1932 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifikisha njia yake ya London hadi Cape Town, na baada ya Nairobi ndege zilipita Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha zikaendelea Mpika na Broken Hill, mji ambao leo unaitwa Kabwe nchini Zambia. Safari nzima ilichukua takriban siku 11, abiria wakilala njiani usiku, na barua ndizo zilizoibeba biashara hiyo kuliko watu. Mji wenyewe wa Mbeya ulikuwa mchanga, umechipuka miaka michache nyuma kutokana na dhahabu ya Lupa. Mwaka 1937 shirika hilo lilihamia kwenye ndege zinazotua majini, likafuata pwani kupitia Dar es Salaam na Lindi, na Mbeya ikaachwa. Kwa mwenyeji wa wakati ule ndege ilikuwa kitu cha kutazamwa kutoka shambani. Wazungu walipanda, mwenyeji akafyeka majani ya uwanja.

Waafrika wa kawaida wa ukanda huu walipoanza kupanda ndege kwa wingi, walipandishwa na migodi. Wazee wa Rungwe, Ileje na Kyela wanalijua jina Wenela bila kuelezwa: ni lile shirika lililoandikisha vibarua kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 1952 Wenela ilianza kuwasafirisha vibarua wake kwa ndege badala ya kuwaacha watambae kwa malori na treni wiki nzima, na Francistown, katika nchi ambayo sasa ni Botswana, ikawa kituo chake kikuu, ambapo watu walishushwa na kuunganishwa na treni ya kwenda Johannesburg. Pande zote mbili za Mto Songwe, upande wetu na ule wa Nyasaland (Malawi ya leo), wanaume waliokuwa hawajawahi kupanda hata basi walijikuta angani, wakiwa wamepimwa afya na kutia dole gumba kwenye mkataba. Kwa mwandikishaji ndege ilikuwa hesabu: kibarua anayefika mapema na akiwa na nguvu zake huanza kuzalisha mapema.

Historia hii inafaa kukaliwa kwa muda, maana inapindua dhana tuliyoizoea. Tumefundishwa kuamini kwamba ndege iliwafikia wakubwa kwanza, kisha ikashuka taratibu hadi kwa watu wa chini. Katika ukanda wa Ziwa Nyasa mambo yalikwenda kinyume: mchimbaji asiyejua kusoma aliweza kupanda ndege miaka mingi kabla ya mwalimu wa shule ya kata yake. Na bado hakuna anayemtaja mchimbaji huyo kama msafiri wa anga. Husimuliwa kama mtu aliyekwenda "Joni", yaani Johannesburg, akarudi na baiskeli, blanketi na gramafoni. Ndege inapita katika simulizi yake kwa sentensi moja, tena mara nyingi sentensi ya hofu. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Tarehe 4 Aprili 1974 ndege ya Wenela aina ya DC-4 iliyokuwa ikiwarudisha wachimbaji Malawi ilianguka baada ya kuruka Francistown, ikiwa imetiwa mafuta yasiyo sahihi, na watu 78 kati ya 84 waliokuwemo wakafa. Rais Banda wa Malawi alisimamisha uandikishaji. Upande wetu mlango ulikuwa umefungwa zamani, kwa sababu Tanganyika huru haikukubali kuendelea kupeleka watu wake katika migodi ya makaburu.

Baada ya uhuru aliyekata tiketi akawa serikali. Dakota na Fokker za East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977 pamoja na jumuiya iliyolibeba, na baadaye ndege za ATC, Shirika la Ndege la Tanzania lililoanzishwa Machi 1977, zilibeba maofisa, wakaguzi, madaktari na vijana wachache waliopata nafasi ya kusoma nje. Msamiati wa kumbukumbu za kizazi hicho ni wa kiofisi: waranti (hati ya serikali ya kulipia safari), kibali, posho ya safari, barua ya mkuu wa idara. Mstaafu mmoja wa Iringa ninayemfahamu anaweza kukutajia namba ya faili la safari yake ya kwanza, lakini ukimuuliza aliona nini dirishani anasema hakumbuki vizuri, kwa kuwa alikuwa anapitia taarifa atakayoisoma kikaoni. Simlaumu. Aliyelipiwa ili akafanye kazi huanza kazi hiyo akiwa bado angani.

Kumbukumbu nyingine ya enzi hizo ni mizigo iliyoachwa, na hapa nataka kuwatetea wafanyakazi waliotukanwa bila kosa. Uwanja wa zamani wa Mbeya, uliokuwa ndani ya mji, ulikuwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, umezungukwa na milima, na barabara yake ya kurukia haikuwa ndefu. Katika mwinuko kama huo hewa ni nyepesi. Bawa hupata nguvu ya kuinua kutokana na hewa inayopita juu na chini yake, na injini nayo huvuta hewa ili iunguze mafuta. Hewa ikiwa nyepesi vyote viwili hupungua, kwa hiyo ndege hulazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka, na kasi hiyo hudai barabara ndefu. Jua la mchana likipanda, hewa huzidi kupanuka na hali huwa mbaya zaidi. Barabara isipotosha, kinachobaki ni kupunguza uzito, na uzito ulio rahisi kupunguza ni gunia la mtu. Abiria aliyefika Dar es Salaam bila mchele wake wa Kyela aliamini umeibwa, kumbe umesubiri ndege ya asubuhi, wakati wa ubaridi.

Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012 baada ya ujenzi uliovutana kwa miaka mingi, ulilitatua tatizo hilo kwa njia mbili: uko chini zaidi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300, na barabara yake ina urefu wa zaidi ya mita 3,300. Ndege za jeti zenye viti zaidi ya mia moja zikaweza kutua na kuruka zikiwa zimejaa. Mwaka uliofuata Fastjet, ambayo ilikuwa imeanza safari zake nchini Novemba 2012 kwa kutangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada, ilianza kuja Mbeya kwa Airbus A319. Bei hiyo ya tangazo haikuwa ya kila kiti, na aliyechelewa kununua alilipa mara kadhaa zaidi. Hata hivyo kilichotokea kwenye foleni ya Songwe katika miaka ile hakijawahi kutokea kabla yake. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayefuata mzigo Kariakoo aliketi, akapiga hesabu ya nauli ya basi, chakula cha njiani, usiku mmoja wa gesti na siku mbili duka likiwa limefungwa, akaona tofauti ni ndogo, akalipa kwa simu akiwa ameketi palepale dukani.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa mpya, naye ni mpya kuliko ndege yenyewe. Msikilize anavyosimulia: anakumbuka bei aliyolipa, anakumbuka alipokaa, anakumbuka rubani alisema nini, anakumbuka hata kwamba aliuziwa maji. Barabara ya zaidi ya kilomita 800 ambayo basi huimaliza kwa saa 12 na zaidi ilikuwa imekunjwa ikawa saa moja na nusu hivi, na faida ya kukunjwa kwake aliitia mfukoni mwenyewe. Kwa mara ya kwanza aliyesafiri na aliyelipa walikuwa mtu mmoja, na ndiyo maana simulizi za kipindi hicho zina macho ndani yake. Fastjet iliondoka nchini mwishoni mwa mwaka 2018, na kwa wengi wa wasafiri wa aina hiyo safari ile ya kwanza ndiyo iliyobaki kuwa ya mwisho; basi la alfajiri likawapokea tena.

Wakati huo ATCL, mrithi wa ATC, ilikuwa imekwishafufuka kwa ndege mbili za Bombardier Q400 zilizowasili Septemba 2016. Watu wa mitandaoni walizikejeli kuwa ni "pangaboi" kwa sababu ya propela zake, na kejeli hiyo sijawahi kuielewa, kwa kuwa kwa mtu anayepanda ndege mara ya kwanza pangaboi ina jambo moja ambalo jeti haina. Mabawa yake yako juu ya madirisha, na magurudumu yake makubwa yamening'inia chini ya injini, kwa hiyo anayeketi sehemu za katikati huona kila kitu. Niliwahi kuketi karibu na mama mmoja wa Tukuyu aliyekuwa anakwenda kumlea binti yake aliyejifungua, akiwa amepakata mfuko wa maparachichi ambao hakukubali uwekwe juu. Tulipoacha ardhi aliona gurudumu likiwa bado linazunguka hewani, likajikunja kuelekea nyuma, likaingia ndani ya tumbo la injini, na vifuniko vikajifunga nyuma yake. Akanigusa mkono.

"Mwanangu, lile gurudumu limekwenda wapi?"

"Limeingia ndani, mama. Litatoka tena tukikaribia kutua."

"Na lisipotoka?"

Nilimweleza kwamba kuna njia ya pili ya kulishusha endapo ile ya kwanza itagoma, naye akaitikia kwa heshima bila kuridhika. Bonde la Usangu lilipita chini likiwa na mng'ao wa maji ya mashamba ya mpunga, ukingo wa Udzungwa ukafuata, naye hakuvitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kile kifuniko. Kilipofunguka juu ya Dar es Salaam na tairi likajitokeza, alisema "Haya" kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji yake, akaanza kupanga maparachichi. Tiketi ilikatwa na mkwe wake, na habari hiyo nilikuwa nimepewa kabla hata ya salamu kuisha: jina la mkwe, kazi yake, na kwamba ni mtu mwema.

Jambo jingine ambalo simulizi za mjini hulikosea ni masikio. Mtu wa pwani akisimulia ndege husema masikio yaliziba wakati wa kupanda. Kwetu ni wakati wa kushuka, na sababu yake ni ya kijiografia. Chumba cha abiria hujazwa hewa ili kiwe sawa na mahali penye mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi, hata ndege ikiwa juu mara nne ya hapo. Anayetoka Songwe tayari yuko juu ya mita 1,300, hivyo mwili wake hupanda kidogo tu, kisha hushushwa kwa mkupuo hadi usawa wa bahari. Mkazi wa uwanda wa Kitulo, ambao uko kwenye mita 2,600 na zaidi, anapoketi ndani ya ndege iliyo katikati ya safari anavuta hewa nzito kuliko ya nyumbani kwake! Na yeyote aliyewahi kuteremka Kitonga kwa basi anayajua masikio ya kuziba tangu utoto, kwa hiyo mhudumu anapogawa peremende hana jipya analomfundisha.

Nimeahirisha sehemu nzito. Watu wengi niliozungumza nao katika mikoa hii walipanda ndege mara ya kwanza kwa sababu ya ugonjwa au msiba. Rufaa ya kutoka Mbeya kwenda Muhimbili kwa mgonjwa wa mgongo, wa moyo au aliyetoka kupasuliwa haiwezi kupita kwenye matuta ya barabara kuu. Ukoo hukaa, hupigiana simu, hukopa, na mgonjwa husafirishwa na mtu mmoja wa kumshika mkono. Huyo mmoja, ambaye mara nyingi huchaguliwa kwa kuwa hana kazi ya kuomba ruhusa, huwa hajawahi kupanda ndege. Vivyo hivyo ofisi inapogharamia kusafirisha mwili wa mtumishi wake kuuleta kuzikwa Rungwe au Makete, hutoa pia tiketi za ndugu wawili wa kuusindikiza. Hebu fikiria kujifunza kufunga mkanda wa ndege huku ukijua kaka yako yuko chini ya miguu yako, katika sehemu ya mizigo. Watu hao hawasimulii safari yao kwenye vijiwe, na ukiwauliza kama wamewahi kupanda ndege baadhi hujibu kwamba hawajawahi. Hawadanganyi, hawaihesabu.

Kuhusu hofu ya ajali nitasema machache. Ndege ya Precision Air iliyotumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43 ambao 19 kati yao walifariki, iliwaogofya hata watu wa huku ambao hawajawahi kufika Kagera, na bado nawasikia abiria wakiitaja pindi ndege inapopenya wingu. Sioni ubaya wa hofu hiyo. Ninachoona ni kwamba wanaoitaja huwa wameteremka asubuhi hiyo hiyo mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, katikati ya malori ya Tunduma yenye breki zinazonuka, na hawakushika hata kiti cha mbele.

Kero halisi ya safari za huku ni ukungu. Asubuhi za masika na za kipupwe wingu hukaa chini, na katika miaka ya mwanzo ya Songwe ukosefu wa taa za barabara ya kurukia uliifanya ndege iliyochelewa hadi jioni iwe ndege isiyokuja kabisa. Shirika moja lilitukusanya hivyo siku nzima, likatugawia soda, na saa za jioni likatutangazia turudi mjini. Miongoni mwetu alikuwamo bwana aliyevaa suti kwa ajili ya safari yake ya kwanza, akiwa ameagwa na mtaa mzima. Alikataa kata kata kurudi nyumbani. Alikodi bajaji hadi stendi, akapanda basi la usiku akiwa na suti yake, na sina shaka kwamba mtaani kwake hadi leo inajulikana kuwa alikwenda kwa ndege. Ningekuwa yeye nisingesahihisha.

Sasa uwanja wa Nduli, Iringa, umekarabatiwa ili upokee ndege kubwa kuliko zile Cessna za abiria wachache zilizozoeleka kupeleka watalii Ruaha, na mjadala uliopo ni wa ratiba na nauli. Mimi naona nauli ndiyo itakayoamua kila kitu, kwa kuwa mkulima wa Kilolo au mfanyabiashara wa Mafinga ana basi zuri mlangoni pake, na Iringa iko karibu na Dar es Salaam kuliko Mbeya, hivyo muda atakaouokoa ni mdogo na bei atakayokubali kuulipia ni ndogo pia. Nauli ikiwekwa kwa kuwatazama wenye posho na watalii peke yao, viti vitajazwa na watu wale wale wa waranti, kwa jina jipya tu la semina na warsha.

Wakati hayo yakiamuliwa, kuna kazi isiyongoja nauli ya mtu. Waliokuwa vijana wa miaka 20 wakati wa ndege za Wenela, kama wapo, wanakaribia miaka 90 au wameipita, na sehemu kubwa ya wanayoyajua wameyahifadhi katika Kinyakyusa, Kindali na Kinyiha kuliko Kiswahili. Vyuo vyetu, kuanzia Mkwawa hadi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, vina wanafunzi wanaozungumza lugha hizo na wenye babu wa rika hilo. Wawaulize walipimwaje, walipewa nini kabla ya kupanda, waliketi wapi, nani alilia, nani aliimba, na ilikuwaje waliposhuka Francistown wakakuta treni inawasubiri. Simu yenye kinasa sauti inatosha, na kazi inaweza kuanza likizo ijayo, wanafunzi watakaporudi Rungwe, Ileje na Kyela.